Ukali kwa Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno ya nguvu, hasira na fujo

Kwanini kila nikitaka kusema "kali" kwa Kiingereza nachanganyikiwa?

Kwa sababu Kiswahili kimeibebesha "-kali" mzigo wote, Kiingereza kimeugawa kwa maneno kama ishirini hivi na kila moja lina kazi yake. Angalia: mwalimu mkali ni "strict", mbwa mkali ni "fierce" au "vicious", kisu kikali ni "sharp", na kona kali pia ni "sharp". Maumivu makali ni "severe", pilipili kali ni "hot", ushindani mkali ni "stiff" au "fierce", ulinzi mkali ni "tight", onyo kali ni "stern", adhabu kali ni "harsh", pombe kali ni "spirits", upepo mkali ni "strong", na goma kali la disko vijana wanaliita "banger". Afu kuna jua kali, ambalo kama ni jua lenyewe utasema "scorching", ila kama unaongelea mafundi wa Kamukunji pale Nairobi unaliacha hivyohivyo, magazeti ya Kiingereza ya Kenya yanaandika "jua kali" na kila mtu kaelewa.

Kwa hiyo swali la "kali ni nini kwa Kiingereza" halina jibu. Swali lenye jibu ni "kali, ya nini?" Kuna mtaalamu wa lugha Mwingereza, J.R. Firth, aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao, na kwenye maneno haya ya ukali ndo utaona alikuwa sahihi kabisa. Neno usilijifunze likiwa peke yake, lishike pamoja na mwenzake: "stern warning", "tight security", "sharp bend".

Si niweke tu "very strong" kila mahali niwe salama?

Hapana. Utaeleweka ndio, ila itasikika vibaya. Chai ya rangi iliyokolea ni "strong tea", upepo ni "strong wind", ila mvua ni "heavy rain" na foleni ni "heavy traffic". Homa ni "high fever". Kichwa kikiuma sana ni "a bad headache" au "a splitting headache", hakuna anayesema "strong headache" japo kwetu wengi tunaiandika hivyo kwenye meseji za kuomba ruhusa kazini. Na "powerful" ni kwa injini, hotuba, dawa au mtu mwenye madaraka, chai haiwezi kuwa "powerful" hata ukitia majani kopo zima.

"Too" na "very" si ni kitu kimoja?

Sio kitu kimoja. "Very" ni sana, "too" ni kupita kiasi mpaka inakuwa tatizo. Ukimwandikia mtu "your food is too good" kati ya marafiki inapita kama utani wa mapenzi, lakini kwenye ripoti ukiandika "the road is too good" msomaji anasubiri umwambie tatizo liko wapi.

"Gale", "storm" na "violent storm" zinatofautianaje? Nafanya kazi za baharini.

Hapa ni vizuri umeuliza maana huku maneno yana namba. Afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alitengeneza kipimo cha upepo mwaka 1805, na mpaka leo utabiri wa bahari unakitumia kikiwa kimeboreshwa. Ngazi ya 8 ni "gale", upepo wa kilomita 62 mpaka 74 kwa saa. Ngazi ya 9 ni "strong gale", ya 10 ni "storm", ya 11 ndo "violent storm", kilomita 103 mpaka 117 kwa saa, na ya 12, kuanzia 118 kwenda juu, ni "hurricane force". Kwa hiyo mtu wa bahari akisikia "violent storm" redioni anasikia namba, na ukiitumia kwa upepo wa kawaida wa kusi unampotosha.

Na kimbunga chenyewe jina linategemea bahari. Bahari ya Hindi, kwetu huku, ni "cyclone", kama kile cha Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024. Kikiwa Atlantiki kinaitwa "hurricane", na upande wa magharibi wa Pasifiki ya kaskazini, huko Japani na Ufilipino, ni "typhoon". Kitu kilekile.

Daktari kaandika "acute". Maana yake ugonjwa umekuwa mkali sana?

Si lazima. Hili linawatisha watu wengi bure na pia linawatuliza wengine bure, kwa hiyo soma taratibu. "Acute" kwa madaktari inahusu muda: ugonjwa umeanza ghafla au ni wa muda mfupi. Kinyume chake ni "chronic", wa muda mrefu. Ukali wenyewe unapimwa kwa maneno mengine, "mild" ni kidogo, "moderate" ni wastani, "severe" ni mkali. Ndo maana unaweza kuwa na "acute" ya kikohozi kinachopona kwa wiki moja, na ukawa na "chronic" ya figo ambayo ni hatari kuliko. Malaria kali kwenye Kiingereza cha hospitali ni "severe malaria", na ile ya kawaida ni "uncomplicated malaria".

"Aggressive" nayo hospitalini haina hasira ndani yake. "Aggressive cancer" ni saratani inayokua na kusambaa haraka, "aggressive treatment" ni matibabu mazito, dozi kubwa au njia kadhaa kwa pamoja. Na "intensive care" ni uangalizi wa karibu saa zote, ile ICU.

Niko nje ya nchi, nikienda hospitali nielezeje maumivu?

Usiishie kwenye "very painful", haimsaidii daktari. Aina ya maumivu inamwonyesha aangalie wapi, na wenzetu wamelichukulia hili kwa uzito kiasi kwamba mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Kanada, Ronald Melzack, alitoa dodoso la maumivu la McGill lenye maneno 78 ya kueleza maumivu tu.

Wewe huhitaji yote 78. Kichwa kinachogonga kwa kufuata mapigo ya moyo ni "throbbing". Kichomi, ile ya kuchoma kama kisu mbavuni, ni "stabbing". Maumivu yanayokimbia kutoka kiunoni mpaka mguuni ni "shooting". Kiungulia au mkojo unaochoma ni "burning". Tumbo linalonyonga linaachia linanyonga tena ni "cramping". Yale maumivu ya chinichini yasiyoisha ni "dull ache", na meno kwa kawaida huanzia hapo. Wakikuuliza "from 0 to 10" wape namba ya kweli, sisi wengi tumelelewa kuvumilia na mtu anataja 4 huku jasho linamtoka. Taja 8 kama ni 8. Mtu anayesema 4 atasubiri kwenye benchi.

"Aggressive" ni sifa au ni tusi?

Inategemea unamsema nani, na inategemea unazungumzia kazi au tabia. Kwenye biashara za Kimarekani "aggressive targets" ni malengo makubwa yanayokimbizwa kwa kasi, "aggressive pricing" ni kushusha bei ili umnyang'anye mpinzani wateja, na "aggressive investor" ni mwekezaji anayekubali risk kubwa akitegemea faida kubwa. Kocha akisema timu yake imefanya "aggressive pressing" anaisifia. Hizo zote ni salama.

Ila ukimsema mtu, yaani "he is aggressive", hapo watu wengi wanasikia mtu mgomvi, anayekaribia kupiga. Kwenye CV watu wetu wanaandika "I am an aggressive person" wakimaanisha mchapakazi asiyekata tamaa, tafadhali acha kabisa, andika "driven", "determined" au "ambitious". Na kama mtoto wako anasoma Uingereza au Kanada na mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni "aggressive", jua anazungumzia kusukuma na kupiga wenzake, sio bidii ya masomo. Nenda kaongee nae.

Na nikiambiwa mimi niko "aggressive" kazini wakati nilikuwa naongea kawaida tu?

Hili swali linaletwa sana na walioko Ulaya na Marekani na naliona ni zito. Watu weusi huko wamelalamika miaka na miaka kwamba neno hili hurushiwa wao, hasa wanawake weusi, kwa sauti na maneno yaleyale ambayo mwenzao mzungu akiyatumia anaitwa "passionate" au "confident". Hujakosea kulihisi. Usikubali neno libaki hewani, liombe maelezo kwa upole na kwa maandishi kama inawezekana: "Could you tell me which part came across as aggressive?" Swali hilo linamlazimisha mtu ataje kitendo, na mara nyingi hakuna kitendo. Neno unalotaka wewe lishike nafasi yake ni "assertive", mtu anayesema msimamo wake wazi bila kumkanyaga mwingine, na njia ya kulitendea kazi ni sentensi kama "I feel strongly about this".

Kuna tofauti gani kati ya "aggressive" na "violent"?

"Violent" ni pale kuna kuumiza mwili au kuvunja vitu. Usipunguze makali ya neno hili ukiwa unaripoti ukatili. Mume anayempiga mke wake ni "violent", ukimwita "aggressive" au "short-tempered" kwenye barua ya kuomba msaada unamfichia, na ofisi inayosoma barua yako inaweza kuiweka chini ya rundo. Vilevile ukatili wa kijinsia ni "gender-based violence", na "violence" humo inabeba hata vitisho na mateso ya kisaikolojia.

Kisheria "assault", "robbery" na kadhalika zinakaaje?

Kwa kifupi, maana sheria ina nchi yake. "Theft" ni wizi tu, "robbery" lazima kuwe na nguvu au kutishia nguvu. Kwa hiyo simu ikichomolewa mfukoni kwenye daladala sema "my phone was stolen", wakikuwekea kisu ndo "I was robbed". Kenya kuna "robbery with violence", kifungu cha 296(2) cha Penal Code, yaani sheria ya makosa ya jinai, na watu wanashangaa kujua kwamba haihitaji silaha: wezi wakiwa wawili tu inatosha, au mmoja akimjeruhi mtu wakati wa kuiba. Tanzania unyang'anyi wa kutumia silaha ni "armed robbery".

Uingereza, yaani England na Wales, bado wanatumia sheria ya mwaka 1861 inayotenganisha "actual bodily harm" na "grievous bodily harm", ya pili ndo majeraha makubwa, na ikifanywa kwa kukusudia kifungo kinaweza kufika maisha. Na "assault" kwa maana yake ya zamani huko haihitaji hata kuguswa, kumfanya mtu aamini anapigwa sasa hivi kunatosha. Kuguswa kwenyewe ni "battery".

Hasira ina ngazi ngapi kwa Kiingereza?

Nyingi, lakini ukishika hizi utaishi nazo. Chini kabisa "annoyed" na "irritated", umekereka. "Cross" ni ya Waingereza, hasa mama kwa mtoto, imenuna zaidi kuliko kukasirika. "Upset" ichunge, inachanganya hasira na huzuni, mtu aliye "upset" anaweza kuwa analia. "Angry" ni katikati. Juu yake "furious", umefura. "Livid" iko hukohuko juu, na asili yake ni neno la Kilatini la rangi ya uvilio, ule ubluu wa ngozi iliyopigwa. "Enraged" ni kupandwa na mori. "Irate" utaikuta zaidi kwenye habari za kastoma na wapangaji waliofurika ofisini wakidai haki yao.

Afu "very furious" inasikika ovyo kwa sababu "furious" tayari imeshafika kileleni. Kwa maneno ya kileleni tumia "absolutely": "absolutely furious", "absolutely exhausted", "absolutely freezing". Kwa ya kawaida ndo "very": "very angry", "very tired", "very cold". Ukijua hili moja tu Kiingereza chako kinapanda daraja siku hiyohiyo.

Mmarekani kasema "I'm mad", ana wazimu?

Kakasirika tu. Marekani "mad" ni hasira, Uingereza ni kichaa zaidi, japo sasa hivi muvi zimewachanganya wote. Ya hatari zaidi ni "pissed": Marekani ni kukasirika, Uingereza ni kulewa chakari. "Pissed off" ni hasira kotekote. Zote ni lugha ya mtaani, usimwandikie bosi. Na "quite good" kwa Mmarekani ni nzuri sana, kwa Mwingereza ni nzuri kiasi, sio sana. Mwingereza akikuandikia "I'm slightly disappointed" huyo kakasirika kweli, kaitia sukari tu, mjibu haraka.

"Passive-aggressive" ni nini hasa?

Ni hasira inayopita mlango wa nyuma. Neno lilianzia jeshi la Marekani mwaka 1945, Kanali William Menninger alilitumia kwa wanajeshi wasiokataa amri waziwazi ila wanachelewa, wananuna, wanafanya kazi nusunusu. Watu wa pwani hawahitaji somo refu hapa, mipasho ya taarabu na kanga iliyochaguliwa kwa ujumbe ili jirani aisome akipita, hiyo ndo familia yake. Tofauti ni kwamba mipasho ni sanaa yenye ufundi na hadhira yake, na kanga inavaliwa mchana kweupe, wakati "passive-aggressive" kwa Kiingereza ni lawama siku zote. Kwenye imeili inajulikana kwa sentensi kama "as per my last email" na "as I already mentioned", kwa hiyo kama hukukusudia kupiga kijembe andika tu "I'm sending this again in case it got lost".

Kwanini vichwa vya habari vimejaa vita, "slams", "blasts", "thrash"?

Nafasi ni ndogo na maneno mafupi yanauza. "Minister slams report" maana yake waziri ameikosoa ripoti, hajapiga kitu. "Blasts" hivyohivyo. Usiyabebe kwenye maandishi rasmi, huko ni "criticised".

Michezoni yana ngazi. "Edge" ni kushinda kwa tabu, moja bila au mbili moja. "Thrash" na "hammer" ni kipigo kizito, Yanga 5 Simba 1 ile Novemba 2023, au Ujerumani 7 Brazil 1 mwaka 2014. "Stun" ni mdogo kumwangusha mkubwa wakati hakuna aliyetegemea, Saudi Arabia walipoifunga Argentina 2-1 Kombe la Dunia 2022. Ukiandika "thrash" kwa goli moja wasomaji wa mpira hawakusamehi.

Vijana wanasema "you killed it", "savage", "slay". Niogope?

Hapana, ni pongezi. "You killed it", "you smashed it", umefanya vizuri mno. "Fierce" na "slay" kwa maana ya kupendeza na kutisha kwa mvuto zilikuzwa kwenye mashindano ya mitindo na densi ya jamii za watu weusi na Walatino New York, Harlem hasa. Ila angalia, "slay queen" ya kwetu Afrika imegeuka kejeli kwa mwanamke, usidhani ni ileile pongezi.

"Bomb" ndo mtego. "It was the bomb", ilikuwa tamu balaa. "I bombed the interview", nimeharibu intavyu. "It went like a bomb" kwa Mwingereza, imefanikiwa sana. Na uwanja wa ndege usilitamke kabisa, kwa lugha yoyote.

Naweza kumwita mtu "savage" basi?

Kama rafiki yako kajibu mtu kwa jibu la kumkata maini, ndio, vijana watacheka. Kwa kabila au watu wa nchi fulani, kamwe. Neno limetoka kwenye Kilatini cha "mtu wa msituni", na wakoloni walilitumia karne na karne kuhalalisha kunyang'anya watu ardhi. Hata tangazo la uhuru wa Marekani la 1776 linawaita wenyeji wa asili "merciless Indian savages", maneno yako pale mpaka leo. Babu zetu waliitwa hivyohivyo kwenye vitabu vya wamisionari na wapelelezi. Ukitafsiri hati ya zamani liache lilivyo ili msomaji aone, ukiandika ya kwako litoe. "A savage attack" kwa shambulio la kinyama ni sawa, hapo unasema kitendo.

Nina malalamiko mazito, niandikeje imeili kali bila kuonekana mgomvi?

Ukali uweke kwenye tarehe na kiasi cha pesa, sio kwenye sifa za mtu. "Your service is terrible and you are thieves" inamfanya anayesoma ajitetee. Badala yake andika ulilipa lini, shilingi ngapi, uliahidiwa nini, kimetokea nini, afu funga na unachotaka na siku ya mwisho. Herufi kubwa zote ni kupiga kelele, alama za mshangao tatu nazo ni kelele. "Unacceptable" ni neno kali linaloruhusiwa ofisini, litumie mara moja tu. Kama hawajajibu, imeili ya pili ndo unaongeza "I will have to take this further", na hapo uwe umeshajua unaipeleka wapi, kwa mdhibiti, baraza la walaji au wakili, maana wakikuuliza "where?" ukakosa jibu umemaliza risasi zote.

Mfano mzima wa barua ya kwanza huu hapa, badilisha tarehe na kiasi: "I paid 350,000 shillings on 3 March for a fridge that was due on 10 March. It has not arrived and my calls have not been returned. This is unacceptable. Please deliver it or refund me in full by 25 March."